Hakuna Kutuza Mpaka Muziki Ukome

Jumanne, 7 Februari 2023

Fundi cherehani wa Ngamiani, barabara ya 12, aliniuliza leo ni harusi ya nani. Satini ya rangi nne, na mteja anataka ikatwe vipande vyembamba virefu, si gauni wala si pazia! Nilipomwambia ni vifaa vya michezo vya darasa langu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wale watoto wenu wa kitengo?" Ndiyo, wale wale, wa kitengo cha elimu maalumu cha shule yetu.

Upana sikuukisia. Kanuni za jimnastiki ya mahadhi zinataka utepe wa sentimeta 4 hadi 6, nami nimechukua 5. Urefu ni mita 6 kwa wakubwa na mita 5 kwa wasichana wadogo, lakini mtoto ambaye misuli yake imelegea tangu kuzaliwa hawezi kuurusha utepe wa mita 6 ukabaki hewani. Atauburuza sakafuni na kuzoa vumbi la ukumbi mzima. Tutaanza na mita 3.

Kijiti ni mwanzi wa sentimeta 50 uliopigwa msasa. Kilichonisumbua ni pale utepe unapokutana na kijiti: ukiufunga moja kwa moja, baada ya mizungusho michache umeshajisokota na kugeuka kamba. Jawabu nimelipata Deep Sea kwa mzee mmoja wa mashua. Wavuvi wana kile kichuma kidogo kinachozunguka, wanachokifunga kati ya mshipi na ndoana ili samaki akijipindua mshipi usijinyonge. Mzee alinijazia kiganja akakataa pesa. "Kwa ajili ya wale viumbe? Chukua, mwanangu."

Kila mtu mjini ananipa kitu kwa huruma mwezi huu. Napokea, maana bajeti ya kitengo naijua. Lakini naandika humu kwamba nimeona.

Majina ya watoto siyaandiki. Daftari hupotea, na Tanga ni ndogo.

Alhamisi, 16 Februari

Ringi nimezitengeneza kwa bomba la maji la nusu inchi. Kipimo rasmi ni kipenyo cha ndani cha sentimeta 80 hadi 90. Kwa ringi ya sentimeta 85 unahitaji bomba la mita 2.67, kwa wafupi nimeshusha mpaka sentimeta 70, yaani mita 2.20. Mwalimu wa hisabati alikuwa amesimama mlangoni akichungulia, nikampa kazi ya kuzidisha kwa pai. Alifurahi kuliko watoto.

Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Aliniuliza tu kwa nini nisiendelee na mikeka na shanga, vitu ambavyo siku ya wazazi vinauzwa vikaleta hela ya sabuni. Nikamjibu mikeka itaendelea. Lililobaki nalimalizia hapa: kila tunachowafundisha hawa watoto lazima kiwe na faida kwa mtu mwingine. Mikeka ya kuuza, shanga za kuuza, kufagia ofisi. Wenzao wa darasa la pili wanacheza rede na kuruka kamba uwanjani na hakuna anayeuliza itauzwa bei gani.

Alhamisi, 2 Machi

Tunaanzia mwisho. Zoezi letu la utepe lina vipande vinne: nyoka chini, duara kubwa mbele ya mwili, umbo la nane, halafu kuukusanya utepe na kuinua mkono. Ukilifundisha kwa mpangilio huo, mtoto mwenye kumbukumbu fupi hukwama kwenye kipande cha pili, kesho hukwama tena palepale, na kinachomkaa kichwani ni kule kukwama. Kwa hiyo narudi kinyumenyume. Vipande vitatu vya kwanza tunafanya pamoja, mkono wangu juu ya wake. Cha nne anafanya peke yake, mkono juu, makofi. Akishakimudu, namwachia na cha tatu. Namna hii siku zote anatoka kwenye asichokijua kwenda kwenye anachokijua, na zoezi halimalizikii kwenye aibu.

Mkono wangu nao una ratiba ya kuondoka. Kwanza unakuwa kwenye kiganja chake, kisha kwenye kifundo, kisha kwenye kiwiko, kisha nyuma ya kiwiko bila kugusa. Kuna walimu wasioweza kuutoa. Hao wanacheza wao, mtoto ni kijiti chao.

Hesabu zetu zina bahati: kuanzia moja mpaka nane kila namba ina silabi mbili, mkazo ukiwa kwenye ya kwanza. Watoto wasioweza kuhesabu machungwa matatu mezani wanahesabu mpaka nane bila kosa wakiwa wanatembea. Tumetumia ngoma. Ngoma ya baikoko tulijaribu kwa dakika moja, nikaizima: viuno vilianza kazi isiyomo kwenye kanuni, na mwalimu wa dini alikuwa anapita.

Kuna mtoto mmoja asiyesema, hataki muziki wowote, anaziba masikio. Ana usonji. Utepe lakini ameupenda kuliko wote. Alilala chali akauzungusha juu ya uso wake, macho hayatoki kwenye ncha, na ile nane yake ina matumbo mawili yaliyolingana kabisa. Yangu haifiki hapo. Nimempangia zoezi la kimya.

Jumanne, 21 Machi

Leo ni Siku ya Sindromu ya Down Duniani. Tarehe yenyewe ni hesabu: mwezi wa tatu, siku ya 21, kwa sababu mwenye sindromu hii ana nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili. Umoja wa Mataifa unaiadhimisha tangu 2012. Nimemweleza mgeni rasmi wa sherehe yetu hivyo, akaandika kwenye karatasi yake, akasema vingine kabisa.

Kitengo kiliombwa "kitumbuize". Nilikubali kwa kuwa niliona ni nafasi ya kuonyesha zoezi. Binti wa muuza chapati alikuwa wa kwanza, ana miaka 12, ana sindromu ya Down, na wiki nzima alikuwa analala na utepe chini ya mto. Alifanya nyoka vizuri. Alikuwa ameshaanza duara pale mama mmoja mwenye dera zuri alipoinuka kitini, machozi yanamtoka, akaenda mpaka katikati ya uwanja akambandika noti ya elfu tano kipajini. Mtoto akasimama. Utepe ukamwangukia yule mama begani ukamzunguka shingo. Watu wakashangilia, wengine wakainuka na noti zao, mpiga ngoma kuona pesa akaongeza mwendo. Mtoto alisimama katikati ya wale watu wazima, kijiti mkononi, akinitafuta kwa macho. Hakuwa amefika mwisho.

Kutuza ni desturi yetu na siikatai. Kwenye taarab mwimbaji anatuzwa katikati ya ubeti na ubeti unaendelea, ndiyo kazi yake na ameizoea. Lakini sijaona mtu akiingia uwanja wa Mkwakwani kumbandika noti winga anayekimbia na mpira kuelekea goli. Angeburutwa nje na polisi. Kwa nini? Kwa sababu winga ana jambo analolifanya, na kila mtu uwanjani anataka kujua litaishaje. Leo hakuna aliyetaka kujua zoezi la yule binti litaishaje. Walishapata walichokuja kukipata.

Zilipatikana elfu arobaini na tano. Tumeandikisha kwenye daftari la kitengo.

Nyumbani kwao, mama yake ameniambia jioni, alilifanya zoezi lote uani mbele ya kuku, mpaka mkono juu.

Jumanne, 4 Aprili

Ramadhani. Tumeacha kuruka, tunafanya mikono tu, tumekaa. Hata kwenye Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, kuna ngazi za mwanzo ambazo mchezaji anafanya zoezi lake akiwa ameketi, kwa hiyo hatujapoteza kitu.

Kuna jambo nimelibandika mlangoni kwa herufi kubwa: HAKUNA KUPINDUKA KICHWANGOMBA. Watoto wenye sindromu ya Down wana viungo vinavyonyumbuka mno. Binti wa chapati anapasua msamba huku anakula embe. Wageni wanaona ni kipaji, na kwa kweli ni msaada kwenye mchezo huu, ila kulegea kule kunatokana na kano, na kano hizo hizo ndizo zinazofunga pingili mbili za juu za shingo. Kwa baadhi yao pingili hizo hucheza kupita kiasi. Mtoto akitua vibaya kwa kichwa, uti wa mgongo unaweza kubanwa na mwili ukapooza. Tena karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Kwa hiyo hakuna anayeshika ringi kabla daktari hajamsikiliza moyo na kumkagua shingo. Wazazi wawili wamenuna kwa sababu ya nauli ya hospitali. Wanune.

Baba wa mwanafunzi wangu mmoja, kijana mrefu, alikuja. Hataki mwanawe apunge utepe, "mambo ya wasichana". Kwenye Olimpiki ni kweli, mchezo huu tangu uingie Los Angeles mwaka 1984 ni wa wanawake peke yao. Lakini Wajapani wana jimnastiki ya mahadhi ya wanaume, wanatumia kamba, virungu, vijiti na ringi ndogo mbilimbili. Nikamwonyesha kwenye simu. Aliangalia wale vijana wakiruka pamoja, akakohoa, akauliza virungu vinapatikana wapi.

Alhamisi, 11 Mei

Kifafa, ukumbini, kwenye zoezi la ringi. Mmoja wa wadogo. Nilimlaza ubavu, nikamwekea kanga chini ya kichwa, nikaondoa ringi, nikatazama saa. Sikumtia kitu mdomoni. Dakika mbili akatulia. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama mbali akiwafukuza watoto wa madarasa mengine wasikanyage mate, maana wameambiwa kifafa kinaambukiza kwa povu. Povu haliambukizi kitu. Nitazungumza mstarini Jumatatu, na nitamtaka mwalimu wa zamu asimame karibu yangu nikisema.

Mtoto alipozinduka aliuliza ringi yake iko wapi.

Jumamosi, 17 Juni

Likizo. Leo usiku wamefungua Michezo ya Dunia ya Special Olympics huko Berlin, Ujerumani. Wanamichezo wapatao 7,000 wakiingia Olympiastadion kwa makundi ya nchi zao. Kifurushi cha intaneti kiliisha kabla ya mwenge.

Uwanja ule ndio wa Olimpiki ya 1936, ya Hitler. Sikulijua hilo mpaka nilipoanza kusoma, na nikishaanza kusoma silali. Miaka mitatu tu baada ya michezo ile, serikali yake ilianza kuwaua watu wenye ulemavu, watoto wakiwa wa mwanzo. Mpango uliratibiwa kutoka nyumba moja mjini Berlin kwenye barabara ya Tiergartenstraße, namba 4, na kwa hiyo unaitwa T4. Kufikia Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi. Madaktari walijaza fomu kwa kila mgonjwa, na moja ya mambo waliyotakiwa kuyajaza ni hili: anaweza kufanya kazi gani, na kwa kiasi gani. Aliyeonekana hana faida alitiwa alama.

Nimeiweka simu chini nikaikumbuka mikeka. Sifananishi. Mwalimu mkuu anatafuta hela ya sabuni, basi. Ila swali la faida lina ukoo wake, na nimeujua leo.

Halafu nikakutana na mwanamke aitwaye Mimi Scheiblauer, Mswisi wa Zürich. Alikuwa mwanafunzi wa Émile Jaques-Dalcroze, yule mwanamuziki wa Geneva aliyefundisha muziki kwa mwili mzima, watu wakitembea na kuruka mapigo badala ya kuyaandika. Jimnastiki ya mahadhi imechota mengi kwake. Scheiblauer akaichukua elimu hiyo, badala ya kwenda nayo kwa wacheza dansi akaipeleka kwa watoto viziwi na wenye ulemavu wa akili, kwa ngoma, mipira na vipande vya mbao. Mwaka 1966 Reni Mertens na Walter Marti walitoa filamu juu ya kazi yake, kuhusu binti aliyekuwa ameandikwa kuwa hafundishiki. Filamu inaitwa kwa jina la binti huyo, Ursula, na jina hilo likafuatishwa na msemo wa wale wauaji, maisha yasiyostahili, kwa makusudi ya kuusuta. Scheiblauer alifariki 1968.

Kwa hiyo nilichodhani nimekibuni Ngamiani kwa satini na mwanzi kina miaka mingi. Nimefurahi sana. Kazi ya kubuni inachosha.

Alhamisi, 22 Juni

Nimenunua kifurushi kikubwa, nimetazama jimnastiki ya Berlin mpaka macho yakauma. Mchezaji mmoja alidondosha kirungu kikabingirika nje ya mstari. Alikifuata, akakiokota, akarudi, akaendelea. Hakuna aliyelia, wala aliyesema "maskini". Waamuzi waliinamisha vichwa wakaandika. Kule kuinamisha vichwa nimekutazama tena na tena.

Watu huku kwetu wanaamini kwamba kwenye michezo hii kila mtu anapewa nishani kwa sababu ni walemavu. Si hivyo. Wanachofanya ni kupima kwanza. Kila mchezaji anapita raundi ya awali, kisha wanapangwa kwa umri, jinsia na uwezo, kundi moja likiwa na washindani watatu hadi wanane wanaokaribiana. Hapo sasa wanashindana kweli. Watatu wa juu wanapata nishani, wa nne mpaka wa nane wanapata utepe (huo ni wa kuvaa, si wa kuzungusha). Aliye kwenye ngazi ya chini hawekwi na aliye juu akaonewa, wala hapewi dhahabu ya bure. Ili kushindana lazima uwe umetimiza miaka 8. Wadogo zaidi wana mpango wao wa kucheza tu.

Eunice Kennedy Shriver, aliyeianzisha, alikuwa na dada yake mwenye ulemavu wa akili, Rosemary. Ndugu yao alikuwa rais wa Marekani, na bado Rosemary alifichwa kwa miaka mingi. Mwaka 1962 Eunice alifungua kambi ya watoto nyumbani kwake Maryland, na tarehe 20 Julai 1968 michezo ya kwanza ikafanyika Soldier Field, Chicago, na wanamichezo kama 1,000. Familia yenye pesa zile zote ilificha mtoto. Sisi tunaambiwa tunaficha kwa sababu ya umaskini.

Muhula ukifunguliwa nitaanza kutoa alama.

Alhamisi, 13 Julai

Karatasi yangu ya alama ni rahisi. Kila mtoto anaanza na 10, kama ilivyo kwa wakubwa kwenye alama za utekelezaji, kisha ninapunguza: utepe ukifunga fundo, utepe ukilala chini bila mwendo, kifaa kikianguka, mguu ukitoka nje ya mstari, kipande kikisahaulika. Kila ngazi ina zoezi lake. Simpunguzii mtoto wa ngazi ya kwanza kwa jambo la ngazi ya tatu.

Leo niliwapa matokeo ya kwanza, nikambandikia kila mmoja karatasi yake kwenye daftari. Binti wa chapati amepata 4.4.

Saa nane mama yake alikuwa mlangoni, mikono bado ina unga.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Sijakaribia. Mwalimu, mwanangu mimi ni mgonjwa. Unampaje nne?"

"Nne na nukta nne, mama. Na si mgonjwa."

"Haya, si mgonjwa. Siku ya wageni watu walilia. Mheshimiwa alilia! Wewe unayemjua ndiye unampa nne?"

Nilimwomba akae. Nikamwonyesha karatasi, mstari kwa mstari: fundo moja kwenye nyoka; nane imekuwa duara; ringi ilianguka mara mbili; mguu ulitoka nje. Kila kosa nikalifanya mwenyewe kwa utepe na ringi ili alione. Akatazama. Nilipofika kwenye nane akasema, "Hata nyumbani anakosea hapo. Kiwiko chake kinakaa chini." Nilinyamaza kusudi. Akaendelea: anamwona kila jioni pale uani, anajua kabisa pale penye kiwiko, hakudhani ni jambo la kusema, kwa sababu nani amsahihishe mtoto kama huyu?

"Wewe, mama," nikamwambia. "Wewe na mimi."

Aliondoka bila kuniaga vizuri. Mtoto wake mwenyewe muda wote ule alikuwa kwenye kona na daftari, akiifuata ile 4.4 kwa kidole. Aliniuliza swali moja tu: tano iko wapi. Nikamwonyesha nane. Akaenda kuchukua utepe.

Nimewahi kuhudhuria semina nyingi kuhusu kuwapongeza watoto wenye ulemavu. Pongezeni juhudi, pongezeni hata kidogo. Nakubali, na ninapongeza. Lakini mtoto anayesikia "vizuri sana" akifanya na anayesikia "vizuri sana" asipofanya, huyo hajaambiwa kitu. Anajua. Wanajua wote. Kijana mrefu huwa anasimama na kunikazia macho nikimsifu ovyo, mpaka naacha.

Jumanne, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Mama wa chapati amenitumia video, haina salamu wala maneno. Uani, kuku, utepe. Kiwiko kiko juu.

Alhamisi, 24 Agosti

Tumefanya mashindano yetu. Ukumbi hauwezi kubeba mraba wa mita 13 kwa 13 wa kanuni; tulichora chaki mita 9 kwa 7 na feni tukaizima kwa usalama wa tepe. Waamuzi watatu: mwalimu wa michezo, mwalimu wa hisabati, na fundi cherehani wa barabara ya 12, ambaye alifunga duka kuja. Nilimchagua kwa jicho. Mtu aliyekata nguo maisha yake yote anajua mstari ulionyooka na uliopinda. Ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

Mlangoni niliweka kibao: HAKUNA KUTUZA MPAKA MUZIKI UKOME. Mzee mmoja aliuliza kama anaweza kutuza taratibu akiwa amekaa. Hapana, baba.

Ilikwenda hivi. Kijana mrefu aliangusha kirungu mara tatu, mara ya tatu akakipiga teke. 4.0, na punguzo la nidhamu. Baba yake alikuja, alikaa nyuma, akasema waamuzi wameonea. Nimefurahi kusikia malalamiko ya kawaida kabisa ya michezo yakisemwa juu ya kitengo chetu. Mdogo wa kifafa alifanya zoezi la kuketi, mpira kutoka mkono wa kulia mpaka wa kushoto kupitia kifuani, akapata 7.2, ya kwanza katika kundi lake la watatu.

Yule asiyesema alifanya bila muziki. Mwalimu wa hisabati alitaka kujua tutapimaje mahadhi pasipo na mahadhi. Fundi akamjibu amtazame mtoto, halafu aulize. Nyoka safi, duara safi. Kwenye nane simu ya mgeni ikalia. Mtoto akaweka utepe chini, akaziba masikio, akatoka. 3.1. Dada yake mkubwa alinifuata, akasema si haki, kosa ni la mwenye simu. Ni kweli kosa ni la mwenye simu, naye alitolewa nje mbele ya watu. Alama haikubadilika. Tumekubaliana na dada mtu kwamba mwakani simu zitakusanywa mlangoni kwenye ndoo.

Binti wa chapati alikuwa wa mwisho. Alianza na hesabu ikamtoka: nyoka ilikuwa ndefu kuliko muziki, duara likachelewa. Nane alipata, na kiwiko kilikuwa juu. Kipande cha mwisho alikifanya muziki umeshakoma, katika ukimya, na hakuna aliyeinuka. Watu kama mia walikaa wakisubiri aukusanye utepe wote, na aliukusanya polepole, kisha mkono juu.

Waamuzi wakainamisha vichwa. 5.6, nafasi ya pili. Alipunguziwa kwa kuupita muziki.

Baada ya hapo walituza, mpaka noti za kunata kwa jasho. Mama wa chapati hakutuza. Alikuja kuomba ile karatasi ya alama, akaisoma yote akiwa amesimama, akakunja, akaitia kwenye sidiria pamoja na hela za mauzo.

Jumanne, 5 Septemba

Nimepeleka barua kwa ofisa michezo. UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ina riadha ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Nimeomba jimnastiki ya mahadhi nayo iwekwe, kwa kuanzia ndani ya mkoa, utepe na ringi tu. Nimeambatisha vipimo, gharama ya satini na bomba, na nakala ya karatasi ya alama. Gharama ya kumwandaa mtoto mmoja ni ndogo kuliko ya jozi moja ya viatu vya mpira.

Nimeomba mafunzo ya uamuzi kwa walimu wanne, mmoja kutoka kila shule yenye kitengo iliyokubali kushiriki. Nimeomba ukaguzi wa shingo na moyo ulipiwe na halmashauri, kwa sababu wapo wazazi ambao hawatakuwa na nauli hata wakitaka. Mwalimu mkuu ameongeza kwa mkono wake ombi la sakafu ya mbao. Sikulitegemea hilo, na sitalifuta.

Ofisa aliniuliza kama wakati huu tungependa vyeti vya ushiriki, anavyo vingi vilivyobaki. Nimelirudia jibu kwa maandishi, aya ya mwisho ya barua: vyeti vibaki, tunaomba waamuzi.